Baridi Imepitia Mlango Gani

Daktari Kuang ana mafua siku ile.
Anapenga kamasi, ananawa, anarudi,
anaulaza mkono wangu juu ya kimto cha pumba
na kuweka vidole vitatu penye mshipa.
Kimya. Nje, Zhanjiang inachemka;
feni inazungusha joto lile lile.

Rangi yake?
Naona haya. Nyeusi, nasema.
Na vipande?
Vipande, kama ini la kuku.
Anaandika bila kuinua uso
kana kwamba nimemtajia bei ya vitunguu.

Toa ulimi.
Zambarau pembeni, anasema. Damu imesimama njiani.
Mshipa umekaza kama uzi wa zeze.
Penye njia hapana maumivu,
penye maumivu hapana njia.
Baridi imeingia nyumba ya uzazi
ikajifungia kwa ndani.

Unakunywa vya barafu?
Sinywi.
Unalala na nywele mbichi?
Silali.
Unakanyaga sakafu peku?
Daktari, bibi mzaa mama alinichapa kwa fagio
nilipokuwa na miaka kumi na mitatu,
kwa kulamba barafu ya choroko
siku ya pili ya mwezi wangu wa kwanza.
Tangu hapo hata tikitimaji nalianika juani kwanza.

Basi imepitia mlango gani?

Ndipo nikauweka mezani mkono wa pili.
Akaona kucha. Akaona ngozi ya vidole,
nyeupe, imejikunja kama ya mtu aliyezama.

Kamba, nikasema. Kiwanda cha kamba.
Saa kumi kwa siku mikono ndani ya barafu:
ng'oa kichwa, vuta utumbo, uzi mweusi, tupa,
ng'oa kichwa.
Wanawake sitini ndani ya mabuti ya mpira
na aliye mwezini hujulikana kwa kusimama kwake,
goti moja limeegemea meza.
Bwana Pang huhesabu dakika za choo.
Mwezi wa sita Qiaozhen alizimia,
akakatwa mshahara wa nusu siku.

Daktari akaweka kalamu chini,
akapenga kamasi tena. Nilidhani ni mafua.

Akafungua droo moja baada ya nyingine:
mizizi ya danggui inayonuka kabati la bibi,
tangawizi kavu, vijiti vya mdalasini,
na pakanga iliyosokotwa kama sigara
ya kufukizia chini ya kitovu.
Akapima, akapunguza, akaongeza.
Maji ya moto hayachomi nyumba,
wala hayaipashi joto nyumba
iliyoachwa dirisha wazi saa kumi kwa siku.
Alilijua hilo. Mizani ilimtetemeka kidogo.

Na hivyo vipande, akasema,
vidole vyangu vinasikia, havioni.
Nenda hospitali wakakupige picha ya tumbo. Kesho kutwa, si mwakani.
Kisha: sheria ya mwanamke na maji baridi ipo.
Haijabandikwa kwenu?

Imebandikwa.
Nyuma ya mlango wa chumba cha kubadilishia nguo,
mlango usiofungwa kamwe.

Asubuhi nikausukuma.
Bawaba zikalia kama paka aliyekanyagwa.
Karatasi ya manjano, kona moja imeliwa na mende.
Qiaozhen akasoma kwa sauti, polepole,
kidole juu ya kila neno:
siku za hedhi,
maji baridi,
marufuku.
Akarudia neno la mwisho
kama mtu anayeonja chumvi.

Chupa yangu ya dawa ilipita mkono kwa mkono,
chungu, ya moto, kila mmoja akikunja uso,
ikanirudia tupu.
Kule ndani Bwana Pang akapiga filimbi.

Mtu akasema: acheni mlango umefungwa,
upepo huo.
Na filimbi ikapigwa tena.