Siku Ishirini na Moja

Baba huandika kwa wino, mimi kwa penseli.
Daftari linaning'inia kwa kamba
mlangoni pa chumba cha kukamulia.

Alfajiri ya Juni. Mvua ya Kerry hainyeshi,
imesimama tu hewani,
nasi tunafuata nyuma ng'ombe tisini na wanne
tukitazama mikia.
Kila shina la mkia lina mkanda wa rangi nyekundu.
Rangi ikiwa nzima, ametulia.
Ikichubuka, wenzake wamempanda usiku
naye akasimama akawapokea:
ana joto, simu ipigwe kabla ya adhuhuri.

"Ng'ombe hasemi uongo," alinifundisha
nikiwa na miaka tisa, vidole vyekundu.
"Hesabu ishirini na moja.
Akirudi, mbegu haikushika.
Asiporudi, funga mdomo, ngoja."

Mwaka huu wino umeanza kusema mambo yake.
Namba 212, joto, tarehe tatu.
Namba 212, joto, tarehe tano.
Tarehe sita tena, na pembeni jina: Silín,
ng'ombe tuliyemuuza kabla sijaolewa.

Fachtna wa uhimilishaji alikuja na mtungi wake unaofuka baridi,
akavaa glavu hadi begani,
akaingiza mkono, akanyamaza
kama mtu anayetegea sikio mlangoni.
Mrija hakuuchomoa mfukoni.
"Huyu ana mimba, Sadhbh. Wiki sita, labda saba.
Ningempandisha leo, tungeimwaga."
Baba alikuwa anaosha ndoo
aliyokwisha kuiosha.
Hatukumtazama.

Usiku nilipekua kurasa kurudi nyuma, Mei, Aprili,
nikitafuta mahali rangi ilipoanza kuchubuka.
Ilikuwa Februari.
Ndama mmoja kamwandika mara mbili,
kampa baba wawili.

Sikufuta kitu.

Asubuhi akanyosha kidole: namba 67,
rangi yake nzima, haina hata mkwaruzo.
"Huyu. Jioni."
Nikasema ndiyo, kama unavyomwambia mtoto ndiyo.
Jioni nikamkuta 67 getini, mgongo mwekundu kwa matope
ya kwato za wenzake, macho makali,
amesimama kama nguzo.

Niliandika kwa penseli. Nikaandika pia nani aliyemwona.
Kisha nikahesabu.

Siku ya ishirini na moja imepita.
Hakurudi.
Nimefunga mdomo.