Sababu ya Likizo

Kwenye fomu, penye "sababu ya likizo",
nimeandika: mambo ya kifamilia.
Ningeandika bundi,
metroni angenipima joto kwanza.

Siku tatu tu. Nazigawa kama mkate wa mofa.
Jumanne Mida, maji yakijaa,
maana bamvua ndilo linalomsogeza mla kaa,
mweupe, joho jeusi mgongoni,
hadi ukingoni mwa mikoko
ambapo hata darubini yangu, jicho moja bovu,
itampata.
Jumatano Sabaki, kwenye tope:
niwahesabu heroe nikitaka,
nisipotaka nikae.
Alhamisi msitu.

Thoya, simuni: "Dada Nyevu, anza na msitu.
Ikinyesha Jilore gari halipiti,
na juzi tembo walilala barabarani."
Nafuta. Naandika upya
nyuma ya kadi ya chanjo iliyoharibika:

*Chozi wa Amani, saa moja asubuhi, juu ya mirihi.*

Mama mkwe kaiokota mezani,
kasoma neno la kwanza, kaketi.
"Nani kafa?"
"Ni ndege, mama. Mdogo. Hunywa utamu wa maua."
"Na huyu wa pili?"

Wa pili ni babewatoto.

Wodini kwetu, zamu ya usiku,
akilia mmoja kwenye mwarobaini nyuma ya jiko
akina mama huwafunika vichanga nyuso,
na mimi ndiye nifungaye dirisha.
Miaka kumi na minne nafunga.
Sijasema naamini. Sijasema siamini.
Nafunga, kisha nasimama pale pale
sikio kiooni.

Huyu wa Sokoke, asema Thoya, hazidi kiganja.
Hulia kama mtu apulizaye chupa tupu,
polepole, hamwiti yeyote.
Mchana hulala wawili wawili, wamebanana kichakani,
rangi ya majani makavu;
waweza kuwapita mara saba
na mara ya saba ukawagusa kwa bega.
"Lakini sikuahidi."

Sijaomba ahadi.
Nimeomba tochi, maandazi ya jana,
viatu vya kaka yangu vinavyonizidi kidole kimoja,
na nafasi tupu mbele ya jina lake
ya kutia alama, au kuiacha.

Fomu imerudi leo mchana.
Metroni katia sahihi,
na chini, kwa wino wa kijani,
kaandika: *Poleni sana.*