Kitufe cha Tatu

Mara ya kwanza dirisha lilitokea
likapotea kabla sijapepesa jicho,
kama jirani anayechungulia kwenye pazia
akaona mgeni si wake.
Nikaandika tena. Likatokea, likapotea.
Saa nane za usiku, mtaa wa Hilltown, Dundee,
sare ya kiwanda cha biskuti bado mwilini,
sukari ya unga kwenye kope,
ndipo nikagundua nimesahau mstari wa mwisho,
ule unaoiambia programu: usiondoke. Kaa. Sikiliza.

Mstari mmoja tu.
Nikaupachika, dirisha likatulia,
kijivu, tupu, pana kama kitambaa ambacho hakijakatwa.

Mama alikuwa fundi cherehani, Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili.
Tangu kiharusi, mkono wa kulia umelala
na maneno yamebaki ndani
kama sindano iliyotumbukia godoroni:
ipo, unajua ipo, huna pa kupapasa.
Eilidh anayekuja kumhudumia asubuhi
anajua "asante" na "pole", basi,
na "pole" huitoa hata kwa chai iliyokolea vizuri.

Kwa hiyo vitufe. Vitatu.
Maji. Niitie mwanangu. Baridi.
Ukibofya, kompyuta inasema kwa Kiingereza,
kwa sauti ya bwana ambaye hajawahi kushikwa na kiu.

Sikutaka kuandika mara tatu,
nikatumia kitanzi kimoja kivishone vyote,
na uvivu ukanilipa hapo hapo.
Maji: "Nasikia baridi," akasema yule bwana.
Niitie mwanangu: "Nasikia baridi."
Baridi: "Nasikia baridi."
Kila kitufe kilikumbuka neno la mwisho tu,
na nani angekilaumu?
Kwenye dirisha la pili, lile la kioo,
theluji ilikuja mlalo kutoka mto Tay,
na mita ya gesi ilibakiza pauni mbili.

Hadi alfajiri nilikuwa nimekipa kila kimoja neno lake
kikiwa bado mlangoni, kisije kikaazima la mwenzake.
Nikamwekea Mama kompyuta mapajani,
ya mitumba, skrini ya kugusa, ufa pembeni.
Nikasubiri abofye.

Hakubofya.
Aliangalia muda mrefu, jicho moja limefumba nusu,
vile alivyoangalia shati la mteja mbishi wa bei.
Kisha mkono wa kushoto, ule usiojua kazi,
ukapanda, ukaweka vidole viwili
kati ya kitufe cha kwanza na cha pili.
Vikaenea.
Akavishusha kati ya cha pili na cha tatu.
Kidole kimoja na nusu.
Akanitazama.

Kitufe ni neno langu. Kwake hicho ni kifungo,
na kifungo kikikaa upande, shati zima hukaa upande,
na mwenye shati naye.

Mama, hizo ni pikseli. Mama, cha maana ni sauti.
Akagonga kioo kwa ukucha. Mara moja. Mara mbili.
Kule Tanga aligonga meza hivyo hivyo
na mwanafunzi wake akashika wembe, akafumua.

Nikafumua.
Nane nikaifanya ishirini, nikaendesha: hapana.
Kumi na sita: hapana.
Kumi na nane,
akaguna. Tangu Oktoba
hiyo ndiyo sauti yake ya kwanza
niliyoielewa bila kukisia.

Saa mbili kasoro Eilidh akaingia na mabuti yake,
akiipa pole theluji.
Mama akapapasa, akabofya.
"Naomba maji," akasema bwana wa kompyuta.
Eilidh akanitazama mimi, kisha skrini, kisha Mama,
akakimbilia jikoni, bomba likalia.

Bilauri ikaletwa. Mama hakuigusa.
Alikuwa ameshasogea mbele,
kidole kwenye ukingo wa dirisha,
taratibu, kutoka kona hadi kona,
akikagua upindo.