Nauli ya Mgeni

Kisauni nimeshuka, begi langu mkononi,
Dereva akanidaka: "Mjini? Twende, mgeni!"
"Ni Vuai," katamka, "kwa dola tu, ishirini."
Nami moyo ukawaka: mimi wa Vikokotoni!

"Vuai," nikamwambia, "mzawa wa papahapa,
Shilingi nakupatia, dola zangu sitatupa."
Akacheka: "Haya, njia nitajie bila pupa,
Usipokosa, sawia nusu bei nitakupa."

Nikasema: "Penye sheli, ukunje kushoto, bwana."
Nikatazama: hoteli, vioo, sheli hapana.
"Mbele kidogo, si mbali, kwa Bi Mize tutaona."
Akashusha gia mbili: "Bi Mize? Zamani sana."

Akauliza umri; nilihama nina saba.
Hatukusema; safari ikawa ndefu, si haba.
Dirishani ikajiri harufu, koti la baba:
Chumvi, jasho, na sigiri, na koo likanikaba.

Vichochoro vyajipinda, gari halipiti ndani,
Kwa miguu akenenda, na begi langu kichwani.
Kitoto kwenye baranda: "Mama we, kuna mgeni!"
Dola zangu zikaenda, zote, zote ishirini.