Ovaroli ya Baba

Ilianza na hesabu nyuma ya risiti
(karatasi nyingine hiyo, sasa nacheka):
tishu za jikoni, roli mbili kwa wiki;
sevieti, pakiti moja, mbili kukiwa na mgeni;
sahani za karatasi za siku Khaemba alipotimiza miaka saba,
sita bado ziko juu ya kabati,
zinangoja kutumika mara moja, zife.

"Tunafutia meza pesa," nikasema.
Mume wangu akainua macho kwenye simu,
akapangusa mchuzi ndevuni.
Kwa karatasi.

Mimi si mtu wa kuhubiri.
Tunakaa Pipeline, ghorofa ya nne; maji huja Jumanne usiku
kama mdeni: kwa kuchelewa, tena nusu.
Siku nyingine ni mitungi ya Mutiso, na ngazi sabini na mbili
ambazo magoti yangu yanazijua moja moja.
Jirani yangu Kerubo alikuwa na hoja, sikatai:
"Kitambaa kinataka maji. Karatasi inataka ndoo ya taka tu."
Usiku ule nililala na hoja hiyo ubavuni,
ikinivuta blanketi.

Alfajiri nikavuta sanduku la chuma chini ya kitanda.

Ovaroli ya baba. Buluu iliyochujuka
hadi ikawa rangi ya Nairobi mwezi wa Julai.
Miaka ishirini na mitatu kiwandani, kule Webuye,
akirudi jioni na harufu ya kabichi iliyooza
ambayo sisi watoto tuliiita harufu ya karo.
Aliona miti ikiingia mlango huu na magome yake,
ikitokea mlango ule nyeupe, imesahau jina.
Barua alizoniandikia bweni
zilikuwa nyuma ya fomu za zamu, maneno yamebanana
kama watu foleni ya mshahara.
Na akimwona mtu akichomoa tishu, alishindwa kunyamaza:
"Mti mzima! Halafu anapengea kamasi!"

Kiwanda kikafungwa. Baba akabaki na ovaroli
na kikohozi.
Sasa imebaki ovaroli.

Nikashika mkasi. Mkono ukasita penye mfuko wa kifuani,
pale penye doa la wino lenye umbo la figo.
Samahani, nikasema, sijui kwa nani.
Mgongo ukatoa vipande vinane,
kila mguu sita, mikono ikagawana vilivyosalia.
Mfuko nikauacha mzima.
Nikapinda kingo kwa sindano hadi kidole kikafa ganzi.

Maji ya kuoshea mchele huloweka vitambaa,
maji ya vitambaa hupiga deki,
maji ya deki humalizia chooni.
Kerubo alipoona, akashika kiuno:
"Yaani maji yako yana kazi tatu,
na mume wangu hana hata moja!"

Hatujawa malaika. Karatasi ya chooni bado tunanunua,
msituulize.
Na usiku Khaemba alipotapikia shuka
nilimaliza roli nzima ya akiba,
sikukumbuka mti hata mmoja.

Kisha akaja shangazi wa mume wangu, Bi Naliaka,
mwenye macho ya mkaguzi wa hesabu.
Akala kuku, akatafuta sevieti kulia, akatafuta kushoto.
Khaemba akamletea beseni na birika, maji ya vuguvugu,
na begani kitambaa cha buluu.
Akajifuta polepole, kidole kwa kidole,
kidole kimoja kikazama.

"Kitambaa gani hiki chenye mfuko?"

Mume wangu akanitazama. Nikatazama mifupa ya kuku.
Khaemba ndiye aliyejibu: "Ni babu."

Bi Naliaka hakusema kitu.
Akafungua pochi, akatoa sarafu ya shilingi ishirini,
akaitumbukiza mfukoni, akaupigapiga kwa kiganja.
"Ya sabuni," akasema.

Mshahara wa kwanza wa ovaroli ile
tangu kiwanda kifungwe.