Kutanua Koti

Limefika kutoka stoo ya Keighley
kwenye boksi linalonuka panya,
na juu yake mkono wa mtu aliyekwisha kustaafu
umeandika kwa wino wa bluu:
PENNA. MSIMU WA NNE. USITUPE.

Koti la mvua. La chungwa.
Mabega yamepauka, kola imejikunja kama jani la tumbaku,
kifungo cha tatu si ndugu wa wenzake.
Mfukoni nimekuta punje moja ya karanga
iliyonyauka tangu kabla mwanangu hajazaliwa.

Mwanangu ndiye aliyenifundisha mambo haya.
Tulipohamia Manningham alikuwa na miaka sita,
akitazama marudio, karibu mno,
hadi pua yake ikaacha alama kwenye kioo.
Ni lifti, mama. Inapanda hadi kesho, inashuka hadi juzi.
Yule ni Rubani, hazeeki. Wanaopanda naye ndio wanaozeeka.
Na Penna?
Penna alishuka ghorofa isiyo na namba
kumwona dada yake mgonjwa, dakika tano tu,
mlango ukajifunga.
Basi?
Basi.

Bi Avril Sowden amekuja kwa basi kutoka Halifax
na chupa yake ya chai na nyonga yake ya chuma.
Nimempima. Hakuvuta tumbo ndani.
"Andika kilichopo," akasema, "si kilichokuwepo."
Kiuno: inchi saba zaidi.

Wakubwa wanataka lile lile, si mfano wake.
Watazamaji wana macho ya tai, wanasema, watahesabu vifungo.
Nimeketi chini ya taa, katika kiwanda hiki cha Bradford
kilichofuma sufu ya dunia
kabla hakijaanza kufuma uongo wa mbinguni,
nikachokoa mshono wa ubavu, uzi baada ya uzi,
nikitarajia ukingo wa kawaida,
robo inchi, ya mafundi wenye haraka.

Nikakuta inchi mbili.
Mbele mbili, nyuma mbili, kushoto na kulia:
nane. Nilihitaji saba.
Zimekunjwa, zimepigwa pasi, zimelazwa nyuma ya bitana,
chungwa lake bado bichi.

Fundi yule simjui jina.
Walikuwa wakimwandikia msichana mwisho wake
naye, kimya kimya, sindano mdomoni,
akamshonea nafasi ya kurudi.

Nami niliwahi kushuka kwenye ghorofa ya mtu
nikasema dakika tano.
Sijui kama kuna aliyenikunjia kitu.

Alhamisi wamerudia mara kumi na moja,
mlango wa lifti unakwama.
Rubani wa sasa ni kijana; alipomwacha Penna
yeye mwenyewe hakuwepo duniani.
Karatasi inasema: anamkimbilia, analia.
Bi Avril hakukimbia.
Alifunga nyumba yake kwanza, ile nyumba ya mbao na rangi,
akajaribu kitasa mara mbili
kama mtu anayewajua wezi wa mtaa wake,
akachungulia ndani ya lifti, akasema,
"Sogea basi."

Wakaiacha hivyo.

Ubavuni, kwapa hadi pindo, mistari miwili inawaka
pale ambapo jua halikufika miaka thelathini na minane.
Waliniambia niifubaze kwa maji ya chai.
Nimeifubaza kidogo. Si sana.
Karanga nimeirudisha mfukoni.

Usiku mwanangu amepiga simu kutoka Glasgow.
Ana ndevu sasa, ana rehani, ana mtoto anayekaa karibu mno na kioo.
Kuna jipya, mama?
Nimetia saini karatasi nne kwamba sitamwambia mtu,
nazo hazikutaja kwamba mtu ni pamoja na yeye.
Mvua tu, nikamwambia.
Mvua tu, baba. Ukija, njoo na koti.