Breki

Etelka alikuja na miwani nyeusi, ingawa nje ilikuwa theluji
na jua la Szeged lilishafunga duka tangu saa kumi.
"Hajawahi kuninyanyulia mkono," akasema kabla sijauliza.
"Miaka thelathini na minane. Hata sufuria hajairusha.
Ni akilala."
Vendel, kando yake, akaikodolea macho kofia yake
kana kwamba ndiyo iliyompiga mkewe.

Nilimpaka gundi kichwani tone kwa tone,
nikabandika nyaya: utosini, kisogoni,
kwenye pembe za macho, na tatu chini ya kidevu.
Akaniambia aliendesha tramu miaka thelathini na mmoja,
hakugonga mtu, hakugonga baiskeli,
hakugonga hata njiwa.

Nikazima taa, nikarudi nyuma ya kioo
ambako kazi yangu ni kutazama watu wakitoweka.

Hawatoweki mara moja. Kwanza ni mang'amung'amu,
mistari inalegea kama kamba ya kuanikia nguo,
mguu unashtuka, unakana, unakubali.
Kisha kile kina ambacho ukimwita mtu kwa jina lake
jina linarudi peke yake.
Wapo wasemao usingizi ni nduguye mauti.
Hawajakaa zamu yangu.
Mauti hayakoromi. Mauti hayageuzi mto
kutafuta upande wenye ubaridi.

Saa kumi na dakika kumi na mbili, kabla hakujapambazuka,
macho yakaanza kukimbia nyuma ya kope.
Hapa ndipo mwili hufungwa:
ubongo huzungusha ufunguo, misuli ikawa nyama ya buchani,
ili ukiota unaruka usirukie dirishani.
Mstari wa kidevu hapo hulala chali.
Wa Vendel ukasimama.
Kitasa chake kimeota kutu, naye anaota.

Aliketi, macho yamefumba. Mkono wa kushoto
ukashika kitu hewani, ukakivuta, ukakivuta tena
kwa nguvu za mtu mwenye nusu ya umri wake.
"Ondoka relini! Ondoka!"
Kisha ule wa kulia ukashuka
pale ambapo, nyumbani, huwa pana shavu.

Nilitaka kujiuliza nani yuko kwenye usukani,
nikakumbuka tramu haina usukani.
Ina mwendo, ina breki,
na reli iliyotandikwa na mtu mwingine.

"Imesimama," akasema nilipomwamsha, jasho linamtiririka kwenye nyaya.
"Nani alikuwa relini?"
Akafikiri. Niliiona ndoto ikimvuja usoni.
"Kiti," akasema. "Kiti cha jikoni.
Na mtu amekaa, ameinamisha kichwa, anamenya viazi.
Hakunisikia kengele."

Etelka hakuwa amekwenda nyumbani. Alikuwa kwenye benchi la ukumbini,
koti limefungwa mpaka kifungo cha juu.
"Alikuwa na hasira?"
"Hapana. Alikuwa anafunga breki."
Akavua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu,
na lile shavu la zambarau likataka kucheka, likashindwa.
Habari ya kiti sikumwambia.
Wala sikumwambia Vendel kwa nini daktari, kesho yake,
angemwomba anyooshe vidole
na kuvitazama kwa makini, kama mtu anayesubiri jani litikisike.

Alipewa kidonge, nusu, cha kumeza kabla ya kulala.
Kitu kidogo kuliko punje ya dengu, na kinatosha
kusimamisha tramu nzima.

Mwezi wa pili Etelka alipiga simu.
"Analala kama gogo," akasema. "Mkono hauinuki."
Nikasema ni habari njema. Akanyamaza.
"Ila sasa mimi ndiye nisiyepata hata lepe.
Nalala chali gizani, nasikiliza.
Hivi, binti, aliyekuwa relini
mlimpeleka wapi?"